Pepo Amevaa Nini? Mjadala wa Filamu ya Kutisha Kilifi

Septemba 2023, filamu ya The Nun II iliingia kwenye kumbi za sinema duniani. Pepo aitwaye Valak, aliyejivika vazi la mtawa, anaisumbua shule moja ya bweni nchini Ufaransa mwaka 1956. Watu walilipa ili watishwe, wakatishwa, wakarudi makwao. Mwezi huo huo mjini Malindi, makontena ya baridi yalikuwa yamehifadhi miili iliyofukuliwa tangu Aprili katika msitu wa Shakahola. Hesabu ilikuwa imepita 400. Huko msituni hapakuwa na Valak. Palikuwa na mahubiri, palikuwa na amri ya kufunga mpaka kufa ili mtu akamwone Yesu, na palikuwa na vijiji vilivyopewa majina ya Nazareti, Bethlehemu na Yudea.

Je, watu waliopitia hayo wanahitaji filamu ya kutisha inayohusu dini? Wapo wanaosema kuitengeneza hapa Kilifi ni kutonesha kidonda. Wapo wanaosema yale yasipotazamwa usoni yatarudi. Mimi niko na hawa wa pili, kwa sharti ambalo msomaji ataliona njiani. Lakini hoja nzito hivi haibebwi na mtu mmoja, basi nimeigawa kwa sauti tano. Nimezitunga mwenyewe kutokana na mabishano yanayosikika kati ya Mtwapa na Marafa: Mtunzi, binti wa Kigiriama anayeandika skripti, Sista, mtawa aliyezeekea katika kazi ya zahanati, Bibi, mkulima kutoka Ganze, Mchungaji wa kanisa dogo la mabati, na Wakili wa Malindi.

MTUNZI: Kwanza niwasimulie filamu yenyewe. Kuna nyumba ya watawa ya zamani karibu na bahari, nyuma yake mashamba ya mkonge mpaka jicho linapokomea. Mnovisi, msichana anayejifunza utawa, anafika kutoka Kaloleni na sanduku lake la bati. Usiku anasikia mtu anatwanga, akienda jikoni hakuna mtu, na kinu kina joto. Humo ndani mna mtawa mzee sana, nywele nyeupe, macho mekundu, haongei na mtu. Mnaona? Tayari mmeanza kumwogopa. The Nun ya kwanza, ya mwaka 2018, hadithi yake iko Romania, mwaka 1952, na iliingiza zaidi ya dola milioni 360. Sisi tumeitazama kwenye vibanda vya video na kwenye simu, tumelala na taa. Kwa nini mtoto wa Kilifi aogope jumba la Romania, na sisi tuna majumba yetu?

SISTA: Mwanangu, mimi nakuuliza jambo dogo. Kwa nini mimi? Mama akija zahanati saa nane za usiku na mtoto mwenye degedege, akiliona vazi hili gizani moyo wake unatulia. Ajua amefika. Vazi hili limejengewa imani kwa kazi ya mikono, na masista wengi waliolivaa pwani hii wamezikwa bila hata mtu kuwaandika gazetini. Sasa filamu moja inakuja, kwa saa moja na nusu, inalifanya kuwa vazi la shetani. Siku hizi nikipita stendi ya matatu vijana wananiita Valak. Wanacheka. Lakini yuko mtoto nyuma yao ambaye hacheki, na huyo ndiye nitakayemdunga sindano kesho.

MTUNZI: Nakuelewa, Sista. Lakini pepo yule si wewe. Pepo ameiba vazi lako. Filamu yenyewe inasema hivyo.

SISTA: Mtoto anayekimbia haulizi limeibwa na nani.

BIBI: Sista, ngoja kidogo. Mimi nina neno na huyo mtawa mzee. Binti, wewe si umezaliwa hapa? Nywele nyeupe, macho mekundu, haongei na watu. Hayo maneno wayajua yanasemwa wapi. Yanasemwa kilabuni kabla ya vijana kuja na mapanga. Macho yangu ni mekundu kwa moshi wa kuni, miaka yote hii nimepuliza jiko. Nywele zangu ni nyeupe kwa sababu Mungu amenipa umri. Na siongei sana kwa sababu wanangu wakija nyumbani wanazungumza habari ya shamba, na mimi kwenye shamba hilo ndimi ninayezuia. Kuna wazee kule Kaya Godoma wamekimbilia, wengine walitajwa wachawi na damu yao wenyewe. Hawawezi kurudi. Wewe unataka kuchukua sura yao uiweke kwenye ukuta mkubwa, uipigie muziki wa kutisha, watu wapige mayowe?

Hapa naingilia kati, maana mtu wa mbali anaweza asielewe uzito wa swali la Bibi. Katika kaunti hii wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa kutuhumiwa uchawi, na aghalabu nyuma ya tuhuma kuna kipande cha ardhi ambacho mtu fulani amechoka kukisubiri. Kaya Godoma iliyoko Ganze ilikuja kuwa kimbilio la waliosalimika. Wanaotengeneza filamu Hollywood wanapomweka kikongwe kwenye ukumbi wa giza wanatumia alama ambayo kwao imebaki ya hadithi; ni muda mrefu tangu Ulaya iwachome vikongwe wake. Hapa alama hiyo bado ina panga. Sioni namna msanii wa Kilifi anavyoweza kuitumia akasema ni sanaa tu. Kwenye jambo hili sina uvumilivu wa pande mbili: kikongwe atoke kwenye skripti.

MTUNZI: Hawe, bibi yangu, namtoa. Leo hii namtoa. Lakini mnanipa kazi ngumu. Sista kaniondolea vazi, wewe umeniondolea mzee. Nimebaki na kinu.

WAKILI: Umebaki na nyumba. Anza na nyumba. Nyumba ile inatisha kwa nini?

MTUNZI: Kwa sababu mtu akiingia hatoki.

SISTA: Na hapo ndipo hamjui mnalosema, mnisamehe. Msichana haingii leo akafungiwa kesho. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka awe ametimiza miaka 17 kabla ya kuanza unovisi. Unovisi wenyewe usipungue miezi 12, na siku yoyote katika hiyo anaweza kufunga mzigo wake akarudi kwao, hakuna wa kumzuia. Akimaliza anaweka nadhiri za muda, si chini ya miaka mitatu. Nadhiri za daima haziwekwi kabla ya miaka 21. Mama mkuu amekatazwa kumshurutisha mtawa amfungulie siri za dhamiri yake. Na nyumba hukaguliwa: anakuja mtu wa nje mwenye mamlaka, anakaa na kila sista, anauliza, na hairuhusiwi kumzuia sista kusema.

MTUNZI: Nani alifikiria haya yote?

SISTA: Walioumia. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwatenga na Kanisa wanaomlazimisha mwanamke kuingia utawani, ukaagiza kila binti aulizwe na askofu au mjumbe wake kama anaingia kwa hiari. Unadhani walitunga sheria ya kitu kisichokuwepo? Ulaya ya wakati huo mahari ililipwa na upande wa binti. Baba mwenye mabinti wanne alimwoza mmoja kwa fahari, waliobaki akawasukuma utawani ili mali isigawanyike. Walilia nyuma ya kuta hizo, mwanangu. Mimi sikatai.

MTUNZI: Sista, hapo umenipa filamu kubwa kuliko yangu.

Nakiri kwamba maneno haya ya Sista ndiyo yaliyonifanya nitake kuandika mjadala huu. Filamu za kutisha za watawa huonyesha ukuta kama kitu cha shetani. Historia inaonyesha kwamba watu wa dini wenyewe, baada ya karne nyingi za machozi, waligundua kuwa ukuta ni hatari hata pale shetani hayupo, wakaanza kuutoboa matundu: umri, muda wa kusubiri, ruhusa ya kuondoka, mgeni anayekuja kukagua. Sasa peleka orodha hiyo Shakahola. Hakuna umri uliozingatiwa. Waliotoka humo walieleza kuwa watoto ndio waliopangwa kutangulia kufa kwa njaa, kisha wanawake, kisha wanaume. Hakuna mgeni aliyekagua. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Danson Mungatana ilieleza mwaka huo huo wa 2023 jinsi vyombo vya dola vilivyoshindwa kumzuia Paul Mackenzie, mhubiri wa msitu huo, ingawa alikwisha kukamatwa mara kadhaa tangu 2017. Na ruhusa ya kuondoka?

WAKILI: Hapo niseme mimi, na nitasema kwa uangalifu kwa sababu mshtakiwa alikana mashtaka na kesi ina mahakama yake. Daktari mkuu wa serikali wa upasuaji wa maiti, Johansen Oduor, alieleza kuwa wengi walikuwa na dalili za njaa. Lakini alisema pia kwamba baadhi ya miili ilikuwa na dalili za kunyongwa, za kuzibwa pumzi, na za kupigwa. Upande wa mashtaka unasema palikuwa na walinzi. Basi tusizungumze kana kwamba wote walilala chini wenyewe wakangoja kufa. Mtu aliyekubali hana haja ya kunyongwa.

BIBI: Ina maana walitaka kutoka.

WAKILI: Ndivyo ninavyosoma mimi, mama.

MTUNZI: Basi nisikilizeni. Iko filamu nyingine, Immaculate, ya Michael Mohan, iliyotoka Machi 2024. Sydney Sweeney ni Sista Cecilia, Mmarekani aliyekwenda kuweka nadhiri katika nyumba ya watawa Italia. Anapata mimba na hajamjua mwanamume. Nyumba nzima inaimba, ni muujiza. Baadaye anajua kuwa ni kazi ya padre aliyekuwa mwanasayansi. Pepo hayumo. Filamu inafunguka na mtawa anayetoroka usiku, ameiba funguo, anafika langoni na lango lina mnyororo. Wanamkamata wanamzika hai. Na yule rafiki yake Cecilia, mwenye mdomo, anayeuliza mambo gani haya, wanamkata ulimi. Nilipoitazama sikuruka hata mara moja. Nilikaa tu. Nilimfikiria mtu aliyeambiwa na jirani yake pale Furunzi, twende msituni, kuna shamba la bei nafuu na Bwana yuaja.

Immaculate ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 22 Machi 2024. Siku nne baadaye, tarehe 26, familia ya kwanza ilikabidhiwa miili ya jamaa zake mjini Malindi, baada ya karibu mwaka mzima wa kungoja majibu ya vipimo vya DNA. Tarehe hizo hazina uhusiano wowote, na sitaki kuzilazimisha. Ninaloliona ni kwamba kati ya filamu zile mbili, ile isiyo na pepo ndiyo inayotufahamu.

SISTA: Mimi nitawaambia kwa nini. Na sasa nasema kama mtu anayeamini kuwa shetani yupo, msinifanye kuwa mtu wa mashaka. Katika The Nun pepo ana nguvu za ajabu, anageuza maiti, anazima mishumaa, na watu wa kawaida hawawezi kitu. Mwisho anashindwaje? Kwa damu takatifu iliyofichwa, mikononi mwa mtu aliyechaguliwa. Kijana akitoka kwenye kibanda cha video amejifunza mambo mawili: kwamba shida yake ina pepo, na kwamba iko haja ya kumtafuta mtu mwenye uwezo. Basi anamtafuta. Mackenzie alipofungua kanisa lake Malindi mwaka 2003, watu walimfuata kwa nini? Alikuwa anatoa pepo! Kwa hiyo, binti, mimi siiogopi filamu ile kwa sababu inamtukana mtawa. Naiogopa kwa sababu inampigia debe mpunga pepo.

Sijapata kusikia hoja kali zaidi dhidi ya filamu hizi, na imetoka kwa anayeamini. Wengi wa wanaozipinga kwa jina la dini husema zinaukufuru msalaba. Ukweli ni kwamba zinautumia msalaba kama bunduki, na anayeishika bunduki hiyo daima ni shujaa asiyeulizwa swali.

MCHUNGAJI: Na mimi nimekaa hapa muda wote nangoja zamu. Mimi ndiye nitakayelipa. Sista ana askofu, ana Roma, ana sheria ya 1983. Mimi nina waumini themanini na mabati. Tangu 2023 nikitangaza mfungo wa siku tatu, watu wananiuliza, Mchungaji, unatupeleka msituni? Kikosi kazi cha serikali kuhusu dini, kile cha Mutava Musyimi, kimeandika mapendekezo ya kutudhibiti, sawa, tutazungumza. Lakini filamu haizungumzi. Filamu inaonyesha mtu wa Mungu mwenye suti na kipaza sauti, halafu inaonyesha kaburi. Kufunga ni ibada. Yesu alifunga. Wasije wakatufanya tuone aibu kusali.

SISTA: Mchungaji, hata mfungo una kipimo. Kwetu sheria ya kufunga inamhusu aliyetimiza miaka 18 mpaka anapoanza mwaka wa 60. Mtoto hayumo.

MCHUNGAJI: Nami sifungishi mtoto, Sista.

SISTA: Najua. Basi hilo liwepo kwenye filamu. Mtu aseme kwa sauti: mtoto hafungi.

Waislamu wa Malindi nao wanalijua hilo tangu utotoni: Ramadhani haimlazimu mtoto ambaye hajabaleghe, mgonjwa na msafiri wana ruhusa, mama mjamzito akihofia hali yake ana ruhusa. Dini kongwe zimebeba breki zake ndani ya sheria zake. Mfungo usio na mtu aliyesamehewa, usio na saa ya kufuturu, si mfungo uliozidi ukali. Umekuwa kitu kingine. Mtunzi akiweza kulionyesha hili, Mchungaji hatakuwa na cha kuogopa, bali atakuwa na filamu ya kuwaonyesha waumini wake themanini.

WAKILI: Sasa tufike kwenye habari ya filamu na sheria, kwa sababu kuna jambo ambalo watu wamelisahau. Mnajua Mackenzie alifungwa kwa kosa gani mwaka 2023?

BIBI: Kwa wale watoto.

WAKILI: La, mama. Kwa filamu. Kesi ilikuwa ya tangu 2019. Novemba 2023 mahakama ya Malindi ilimpata na hatia ya kuendesha studio na kusambaza filamu bila leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, na tarehe 1 Desemba akahukumiwa kifungo cha miezi 12. Mashtaka ya ugaidi na ya kuua bila kukusudia yalisomwa Januari 2024, na ya mauaji ya watoto 191 Februari, nayo akayakana. Lakini kifungo cha kwanza kilikuja kwa mlango wa sinema.

MTUNZI: Kwa hiyo alikuwa mwenzangu.

WAKILI: Alikuwa na kamera, alikuwa na studio, alikuwa na watazamaji kila wiki. Serikali ilimkamata kwa kukosa karatasi. Ningependa wewe upate karatasi yako mapema.

Wakili amelisema kama jambo la taratibu za ofisi, lakini mimi naona ndilo kiini cha mjadala wote. Filamu zilizowavuta watu wa Kilifi, na wengine kutoka magharibi ya Kenya waliouza vyombo vyao wakapanda basi, hazikuitwa za kutisha. Ziliitwa mahubiri. Zilizungumza juu ya alama ya mnyama, juu ya namba ya utambulisho iitwayo Huduma Namba, juu ya shule na hospitali kuwa kazi ya shetani, juu ya mwisho uliokaribia. Zilitisha kuliko chochote alichowahi kufanya Valak, na zilitazamwa sebuleni, mchana, mama ameshika Biblia, watoto mkekani. Hakuna aliyeweka juu yake alama ya 16 wala 18. Hazikuwa na mwisho. Kila mkanda uliishia kwa kumwambia mtazamaji atafute unaofuata.

Filamu ya kutisha iliyo wazi hufanya kinyume. Inamwambia mtu mlangoni kwamba itamtisha, inamtisha, inamwachia aende, na akiwa njiani anabishana na wenzake: mbona hakukimbia, mbona aliamini, mimi ningefungua mlango. Hilo la mwisho nalithamini sana. Mtu aliyewahi kubishana mara nyingi juu ya kwa nini mhusika hakutoka amekwisha kuanza kujifunza kuangalia mlango uko wapi. Sidai kwamba sinema ingewaokoa waliokufa. Walizungukwa na umaskini, na hofu iliyopikwa kwa miaka. Nasema tu kwamba kati ya hofu inayojitaja jina na hofu inayojiita faraja, Kilifi imekwisha kuonja ile ya pili.

MTUNZI: Basi na sharti langu mimi je? Nyote mmenipa masharti. Mimi nataka nyumba ibaki ya watawa. Sitaki kuihamishia msituni. Kwa sababu nikiweka msitu kila mtu atasema, ah, wale wajinga wa msituni. Nikiweka nyumba nzuri, safi, yenye maua, ambayo kila mtu anaiheshimu, mtazamaji hatapata pa kujificha.

SISTA: Na mimi narudi pale pale. Kwa nini mimi?

WAKILI: Kuna nyumba nyingine ya watawa katika historia ya pwani hii. Mombasa, wakati wa Wareno. Mtawala wa ukoo wa Malindi, Hasan, aligombana na nahodha wa Ngome ya Yesu, akakimbilia bara upande wa Rabai, akauawa, kichwa kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, mtoto, naye akapelekwa Goa. Akalelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa Dom Jerónimo, wakamrudisha kuwa mfalme Mombasa. Agosti 1631 aliingia ngomeni akamuua nahodha, na siku zilizofuata wakauawa Wareno, mapadre wa Augustino, na Wakristo wenyeji waliokataa kuiacha imani yao. Kama unataka kutisha, hiyo hapo.

SISTA: Kanisa linawakumbuka hao waliouawa kama mashahidi wa imani, Wakili. Na Waislamu wengine wanamkumbuka Yusuf kama aliyejikomboa. Ukiigusa hiyo kwa mkono mchafu utawagombanisha watu walioishi pamoja.

BIBI: Mimi nimesikia mtoto tu. Mtoto amechukuliwa, baba yake ameuawa, anapelekwa ng'ambo, anafundishwa kusali kama waliomuua baba. Anarudi. Hao waliokuwa wakimtazama akipiga magoti hawakujua anafikiri nini. Binti, hapo mimi nimeogopa.

Kwa upande wangu naona Bibi ameona kilichofichika chini ya tarehe. Katika Shakahola, katika Immaculate, katika Goa ya karne ya 17, kitu kinachogandisha damu ni kile kile: mtoto au kijana aliyewekwa mahali ambapo kila anayempenda yuko nje, na kila aliye ndani anamwambia kwamba mapenzi ya Mungu ni haya. Haijalishi walio ndani wamevaa nini. Kwa hiyo Sista ana haki ya kuuliza kwa nini yeye, na Mtunzi ana haki ya kujibu kwamba ni kwa sababu yeye anaheshimiwa. Ningemshauri Mtunzi aiache nyumba iwe ya watawa, lakini amweke humo sista mmoja anayejua sheria ya Kanisa kama anavyoijua Sista wetu, na ambaye ndiye anayeitumia kufungua lango. Shujaa wake awe na kitabu cha kanuni mkononi. Sijaiona filamu kama hiyo popote.

SISTA: Ukimweka huyo, nitakusomea skripti. Sijasema nimekubali. Nitasoma na kalamu nyekundu.

MTUNZI: Na jina la Shakahola nilitaje?

WAKILI: Usilitaje. Kesi, familia, miili ambayo bado haijatambuliwa. Badilisha jina la mahali, tumia picha za mbali. Anayejua atajua.

MCHUNGAJI: Hata mimi nasema usilitaje. Tumechoka kuitwa hivyo.

SISTA: Waulize wenye maiti kwanza. Wakikukatalia, ukate.

BIBI: Nyinyi mnaogopa jina? Mwaka 2025 wamefukua tena pale Kwa Binzaro, karibu na Chakama, si mbali na pale pa kwanza. Baada ya kelele zote zile. Maseneta wamekuja, kamera zimekuja, wazungu wamekuja, na bado watu wamefukiwa. Mkibadilisha jina mtu wa Ganze atasema hiyo ni hadithi ya Ulaya, imetokea kwa Wazungu. Binti, waulize wenye maiti kama Sista alivyosema. Wakikuruhusu, litaje. Na filamu usiipeleke kwanza Nairobi. Ilete Chakama, ilete Marafa, ilete Ganze, kwa Kigiriama, na baada ya picha kuisha msikimbilie kupakia jenereta. Acheni watu waseme.

MTUNZI: Kuna wengine watasema filamu ni uongo, Hawe. Kuna wengine bado wanaamini.

BIBI: Hao ndio wa kukaa nao.